Kompyuta Iliyomsubiri Marehemu

Katika ofisi niliyokuwa nikiitumikia jijini Dar es Salaam mwaka 2011, siku ya kazi ilikuwa na mianzo miwili. Wa kwanza ulikuwa mwanzo wa sheria, saa moja na nusu asubuhi, ambapo daftari la mahudhurio lilipigwa mstari mwekundu, na aliyechelewa akalazimika kuandika jina lake chini ya mstari huo, mahali pa aibu. Wa pili ulikuwa mwanzo wa hakika, na huo haukutawaliwa na sheria wala daftari bali na kompyuta, ambazo ziliamua kwa hiari yao, baada ya mtu kuandika jina lake na neno lake la siri, ni lini zitamruhusu kuiona kazi yake. Baina ya mwanzo huu na ule palikuwa na kipindi ambacho hakikuwa cha kazi wala cha mapumziko, na ambacho, kwa bahati mbaya, kanuni za utumishi hazikukitengea fungu.

Mimi nilikuwa msimamizi wa masjala, na kwa kuwa masjala ilikuwa pembeni mwa ukumbi, na mlango wake daima u wazi, niliweza kuutazama msiba huu wa kila asubuhi kwa utulivu wa mtu ambaye nusu ya kazi yake bado iko katika majalada ya karatasi. Watumishi waliketi, wakaandika, wakabonyeza, kioo kikawatolea neno la ukarimu la kuwakaribisha, na chini ya neno hilo kiduara kidogo kikaanza kuzunguka, kikazunguka, kikaendelea kuzunguka. Bi Mkubwa wa Utumishi alikuwa akivua viatu, akasoma uradi wake hadi mwisho, akavaa viatu tena, na kiduara kikawa kingali katika safari yake. Mama Chai, ambaye hakupata kugusa kompyuta maishani mwake, aliijua tabia ya mtandao wetu kuliko wote, kwani aliingia na chupa zake na vitumbua vyake wakati ule ule ambapo kila mkono ulikuwa huru na kila uso umekata tamaa, na hapana siku aliyorudi na kitumbua hata kimoja.

Ni tabia ya binadamu kwamba jambo asilolijua sababu yake hulitafutia sababu katika jambo analolijua, na ofisi yetu haikuwa na upungufu wa watu wenye kujua mambo. Dereva wa Mkurugenzi alishikilia kwamba mashine yoyote inayoamshwa ghafula asubuhi ni lazima ichelewe, kwa hiyo yeye alifika kabla ya watu na kuiwasha kompyuta ya bosi wake mapema ili ipate moto. Bwana Ugavi alisema ni vumbi, akanunua kwa fedha ya serikali kipulizio, akapuliza, vumbi likahama katika kompyuta likaingia katika chai. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo alisema ni virusi, na alilitamka neno hilo kwa furaha isiyostahili. Mhasibu alisema ni bajeti, kama alivyosema juu ya kila jambo, hata mvua. Tarishi wetu, mzee aliyeuona ujio wa taipureta za umeme na akaushuhudia mwisho wake, aliniambia faraghani kwamba kitu hiki kilikuwa na hasadi ndani yake, na kwamba tangu zilipoletwa kompyuta hizo hapana aliyekumbuka kuzisomea dua.

Mkurugenzi naye alikuwa na dhana yake, ambayo kwa sababu ya cheo chake haikuitwa dhana bali msimamo. Yeye alikuwa amehudhuria semina juu ya mkongo wa mawasiliano wa baharini, ule wa Seacom uliofika pwani yetu na kuanza kazi mwezi Julai 2009, na tangu siku hiyo hakuweza kuelewa ni kwa vipi nchi iliyounganishwa na dunia kwa nyuzi za kioo zilizotandazwa chini ya Bahari ya Hindi iwe na ofisi ambayo mtu hawezi kuifungua barua yake mpaka chai ipoe. "Nchi ina mkongo," alisema katika kikao, kwa uchungu wa dhati, "sisi tuna kiduara." Ikaamuliwa kuongeza kasi ya intaneti, na malipo yakaongezwa, na kiduara, ambacho hakikuwa kimealikwa kikaoni, kikaendelea na mwendo wake wa zamani.

Basi ndipo alipoletwa fundi. Alikuwa kijana mwembamba mwenye begi dogo, mkimya, aliyenipa shikamoo yangu kwa taadhima kisha akaomba kiti, na kwa muda mrefu hakugusa kitu chochote, jambo lililowatia watu shaka, maana mafundi waliomtangulia walifika na kuanza papo hapo kuchomoa na kuchomeka, na kuzima na kuwasha, kwa namna iliyompa mtazamaji imani. Huyu aliuliza maswali.

"Mzee, kompyuta yako inachelewa?"

"Inachelewa sana, mwanangu."

"Sana ni dakika ngapi?"

Hapo nikagundua kwamba ofisi nzima, iliyokuwa imelalamika kwa maneno, kwa barua na kwa kikao, haikuwa imepima. Bi Mkubwa alijua tu kwamba ni urefu wa uradi wake. Mhasibu alijua kwamba ni robo ya gazeti. Kijana akatoa saa yake ya mkononi, akaiweka mezani mbele ya kompyuta yangu, akaniomba niingie, nitoke, niingie tena, na kila mara akaandika kitu katika kijidaftari chake bila kubadili uso. Mwishowe alisema maneno ambayo sijayasahau, kwa kuwa yalikuwa ya kwanza kusemwa juu ya jambo lile ambayo hayakuwa shutuma.

"Mzee, kompyuta iliyochoka huchelewa ovyo ovyo: leo dakika mbili, kesho tatu na ushei, keshokutwa mbili na nusu. Hii yako kila hatua inakwama kwa hesabu ile ile, namba kamili, haipungui wala haizidi. Hii haijachoka. Hii inasubiri."

"Inamsubiri nani?"

"Hilo ndilo la kutafuta."

Akainama chini ya meza, akauchomoa waya wa mtandao, akaniambia niingie tena. Nilimtazama kwa huruma, maana hata mimi niliyekulia katika majalada nilijua kwamba mtandao ni huo waya, na kwamba mtu hawezi kuingia katika mtandao ulio sakafuni. Lakini niliandika jina langu na neno langu la siri, na baada ya nusu dakika hivi nilikuwa ndani, nimeketi mbele ya kazi yangu, sina pa kujificha. Watu wakakusanyika. Fundi akaeleza kwamba kompyuta hukumbuka watu wa mwisho waliopata kuingia ndani yake, kwa kawaida kumi, na isipoiona seva huwafungulia kwa kumbukumbu yake yenyewe. Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima, na vumbi halikuwa na hatia, na dakika zile zote zilizobaki zilikuwa zikipotelea mahali fulani baina ya meza yangu na kile chumba chenye kiyoyozi mwishoni mwa ukumbi, masafa ambayo tarishi, pamoja na umri wake, aliyatembea kabla hujamaliza kupiga chafya.

Mtego wa kwanza aliukuta kabla ya adhuhuri, na ulimhusu Mkurugenzi kwa namna ambayo hakuitarajia. Kompyuta hazijuani kwa majina bali kwa namba, na ili mtu asilazimike kuzihifadhi namba hizo kichwani, mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Paul Mockapetris, alibuni utaratibu uitwao DNS, ambao hupokea jina na kurudisha namba. Katika ofisi yenye seva yake, daftari la majina ya nyumbani hukaa katika seva hiyo hiyo, na kompyuta zote hupaswa kuuliza hapo. Za kwetu hazikuuliza hapo. Kilipofungwa kile kisanduku cha intaneti cha kasi mpya, chenyewe kilijitwika kazi ya kuzigawia kompyuta anwani, na pamoja na anwani kikazielekeza kwamba swali lolote la jina liulizwe nje. Kwa hiyo kila asubuhi, mtumishi wa Dar es Salaam alipobonyeza kitufe, kompyuta yake ilipeleka swali nje ya jengo, nje ya jiji, na kwa kadiri ya njia tuliyolipia, chini ya bahari, kuuliza iliko seva iliyokuwa nyuma ya ukuta wake. Na wajuzi wa huko, ambao hawakupata kusikia habari za ofisi yetu, wakajibu kwa adabu kwamba hapana kitu chenye jina hilo duniani. Kompyuta ikasononeka, ikarudi nyumbani, ikaanza kupiga kelele ukumbini ikiwauliza wote kwa pamoja, hadi seva iliposikia na kuitika.

"Kwa hiyo," alisema Mkurugenzi polepole alipofahamishwa, "ule mkongo tulikuwa tukiutumia."

"Ndiyo, mheshimiwa," alijibu fundi. "Tena sana."

Kisanduku kikanyang'anywa madaraka ya kugawa anwani, seva ikapewa, na siku iliyofuata muda wa kungoja ulipungua kwa kiasi kilichomfanya Bi Mkubwa aukatize uradi wake katikati, jambo ambalo hakulifurahia hata kidogo.

Lakini sehemu kubwa ya dakika ilikuwa ingali imebaki, na hapa ndipo jambo hili lilipoiingilia masjala yangu. Fundi alinijia na karatasi aliyoichapa, akaniomba nimsaidie kuwatambua watu. Ilikuwa ni skripti, yaani hati fupi ya maagizo ambayo seva humsomea kila anayeingia: fungua folda hii, unganisha printa ile, onyesha tangazo hili. Nayo ilikuwa imepangwa isimwachie mtu mlango kabla haijamaliza mstari wa mwisho. Na kwa kawaida ya mitambo hiyo, skripti huvumiliwa hata ikichukua sekunde 600, ambazo ni dakika 10 kamili, kabla haijakatizwa. Mstari wa nne uliiamuru kompyuta iende katika seva fulani na kufungua folda ya pamoja. Nikalisoma jina la seva hiyo, na moyo wangu ukashtuka, kwani nilikuwa nikilijua, na nilijua pia kwamba mwenye jina hilo hayuko tena nasi.

Nilikwenda kabatini nikalitoa jalada la ufutaji wa mali chakavu. Humo, kwa mpangilio ambao naweza kujivunia, mlikuwa na ripoti ya ukaguzi wa seva hiyo, mapendekezo ya kamati, kibali, saini tatu na mihuri mitatu. Serikali ilikuwa imemtangaza marehemu kwa heshima zote. Mwili wake ulikuwa ghalani, na Bwana Ugavi alikuwa akiweka birika la umeme juu yake. Na sasa ikadhihirika kwamba katika mazishi yale yote, pamoja na nakala nilizozisambaza mimi mwenyewe kwa kila idara husika, hapana aliyezipelekea kompyuta habari za msiba. Zenyewe ziliendelea kila asubuhi kumwita kwa jina, zikasimama mlangoni pake, zikampa muda wa kutosha kwa mtu mzima anayejitayarisha, na aliponyamaza zikamwita tena, kisha, kwa masikitiko, zikaendelea na mstari wa tano.

Mstari wa tano ulikuwa wa printa. Hiyo nayo niliijua. Iliuzwa mnadani pamoja na viti vinne na feni, na mmoja wa watumishi wetu aliwahi kuiona Kariakoo, katika duka la vifaa vya ofisi, ikitoa nakala za kadi za harusi kwa bidii ambayo haikuwahi kutuonyesha sisi. Watumishi wote 60 walikuwa wakiitafuta kila siku.

Fundi akaniuliza kwa nini mafundi waliomtangulia hawakuiondoa mistari hiyo. Nikamwonyesha kwa kidole maneno yaliyokuwa yameandikwa pembeni mwa mstari wa tano, kwa herufi kubwa: USIFUTE – BOSI.

"Bosi gani?" aliuliza.

Swali hilo lilikuwa la ujana. Mkurugenzi tuliyekuwa naye hakuwa ameiona printa hiyo, na aliyemtangulia alikuwa amestaafu na kurudi kwao kulima, na kabla yake palikuwa na wengine. Lakini neno "bosi" katika ofisi halina tarehe, na agizo lake halifi naye. Mafundi wote waliotangulia walikuwa wameyasoma maneno yale, wakafikiri juu ya watoto wao, wakaendelea na mambo mengine. Kijana alikaa kimya kitambo, kisha akaandika herufi tatu, REM, mwanzoni mwa kila mstari uliokuwa na marehemu ndani yake, akahifadhi, akanigeukia.

"Sijaufuta, mzee. Nimeunyamazisha."

Nakiri kwamba katika miaka yangu ya utumishi nimeona maamuzi mengi ya kiutawala, na machache yaliyolifikia hilo kwa hekima.

Tatizo la idara ya uhasibu lilikuwa la aina nyingine, na nitalipita upesi kwa kuwa mwenyewe yu hai na tunasalimiana. Kwa ajili ya usiri, kompyuta za idara hiyo ziliwekewa sharti kwamba mtu akitoka, vitu vyake vyote vifutwe katika mashine na kubaki katika seva tu, na akiingia asubuhi vivutwe upya vyote. Sharti ni jema kwa mtu mwenye barua na hesabu. Fundi aliketi kwa Mhasibu, akalifungua eneo la kazi, na sote tuliokuwa nyuma yake tukayasoma majina ya mafaili kabla Mhasibu hajapata wasaa wa kusimama mbele ya kioo. Palikuwa na "Harusi sehemu ya kwanza", na "Harusi sehemu ya pili", na chini yake, "Harusi ya pili sehemu ya kwanza". Ukimya ulioingia chumbani ulikuwa mkubwa.

"Hiyo ni ya shemeji," alisema Mhasibu.

Fundi, ambaye alikuwa na malezi, alijishughulisha na hesabu. Video hizo kwa jumla zilikuwa gigabaiti 4. Waya wetu ulipitisha megabiti 100 kwa sekunde, ambazo ni megabaiti 12 na nusu. Kwa hiyo hata kama mtandao mzima angeachiwa Mhasibu peke yake, safari ya video hizo kutoka seva hadi mezani pake ilihitaji zaidi ya dakika 5. Naye hakuachiwa peke yake, kwani aliingia saa moja na nusu kamili, mtu wa kuigwa kwa mahudhurio, wakati ule ule walipoingia wote, kwa njia ile ile ya seva. Maana yake ni kwamba kila siku ya kazi ofisi nzima ilikuwa ikihudhuria harusi ile pasi na kadi ya mwaliko. Video zikahamishiwa katika diski ya mfukoni, na diski ikatiwa mfukoni kwa kasi.

Kulikuwa pia na asubuhi moja ambayo hapana aliyeingia kabisa, na hiyo haikuwa hadithi ya uchelewaji bali ya falaki. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, na seva, iliyozimika usiku kucha mpaka betri za akiba zikaisha, iliamka ikiamini kwamba ni siku fulani ya miaka ya nyuma. Fundi alieleza kwamba bawabu wa mtandao, ambaye ndiye hutoa vyeti vya kuingilia, huitwa Kerberos, kazi iliyoanzia katika chuo cha MIT huko Marekani katika miaka ya 1980 na kupewa jina la mbwa wa vichwa vitatu ambaye katika ngano za Wayunani hulinda lango la kuzimu. Na bawabu huyo, kwa kawaida yake, hamkubali mtu ambaye saa yake inapishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5. Tarishi alishtushwa na habari za mbwa.

"Ndani ya chumba kile?" aliuliza. "Na mimi hupita pale na maji yangu ya udhu?"

Alipotulizwa, mimi nikabaki na mshangao wangu mwenyewe, kwamba utaratibu wenye kuhesabu dakika 5 kuwa ni utovu wa uaminifu uliweza kuletwa na kufungwa katika jiji ambalo kadi ya harusi huandikwa saa nane na bwana harusi mwenyewe huonekana saa kumi. Ikanunuliwa betri ndogo bapa, aina ya CR2032, kwa fedha isiyoweza kuandikiwa hati ya malipo, na seva ikarudishwa katika karne yake.

Yote hayo yalipokwisha, mtu aliingia kwa muda ambao zamani ungehesabiwa miujiza, na ofisi ingeweza kumpa kijana hundi yake na mkono wa kwaheri. Mwenyewe ndiye aliyekataa kuondoka. Katika kila kompyuta ilikuwa imebaki nusu dakika ile ile ya siku ya kwanza, ile iliyokuwapo hata waya ulipokuwa sakafuni, sekunde 30, si 29 wala si 31, na hesabu hiyo kamili ilimkosesha raha. Alizunguka ofisi nzima na saa yake. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyeona jambo lisilo la kawaida: kompyuta moja tu haikuwa na nusu dakika hiyo, nayo ilikuwa ya mtunza stoo, kuukuu kuliko zote, iliyogeuzwa kioo chake kikaelekea ukutani.

Sababu ya kugeuzwa kwake ilijulikana na kila mtu isipokuwa wakubwa. Miezi kadhaa kabla ya hapo, kompyuta zetu zilikuwa zimepambwa na wenyewe, kila mmoja kwa picha aipendayo, na kwa kuwa tupo Dar es Salaam, picha hizo zilikuwa za namna mbili tu. Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo haikuwahi kuwapo ofisi jijini ambayo haikugawanyika. Ukumbi wetu upande wa dirishani ulikuwa wa kijani na njano, upande wa mlangoni mwekundu na mweupe, na Jumatatu baada ya pambano ilikuwa vigumu kupitisha jalada kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mkurugenzi alipoona mgeni wa wizara akihesabu picha hizo kwa macho, alitoa waraka kwamba kompyuta zote ziwe na rangi moja tupu, ya bluu, isiyo na picha wala nembo, kwa heshima ya ofisi. Wote walitii. Mtunza stoo, Mwana-Simba tangu tumboni, aligeuza kioo.

Na ikawa kwamba toleo la programu endeshi tulilokuwa nalo, la mwaka 2009, lilikuwa na ila moja ya ajabu, ambayo fundi aliisoma kutoka katika maandishi ya waundaji wenyewe, walioikiri na kuitolea dawa: mtu akiweka rangi tupu badala ya picha, kompyuta wakati wa kumkaribisha husimama kungoja picha iwe tayari, na kwa kuwa picha haipo, huisubiri kwa sekunde 30, kisha hukata tamaa na kumfungulia. Watumishi 60 kasoro mmoja, nusu dakika kila mmoja: karibu nusu saa ya mshahara wa serikali kila siku, ikilipwa kwa ajili ya rangi ya bluu.

Fundi alikuwa na dawa hiyo mkononi, lakini ilihitaji mitambo yote isasishwe, na kusasisha kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji bajeti, na bajeti ilimhitaji Mhasibu, ambaye siku hizo hakupenda kumwona fundi. Njia fupi ilikuwa kurudisha picha. Ndipo ikaniangukia mimi, kwa kuwa ndiye mwenye kalamu, kumwandikia Mkurugenzi dokezo sabili la kumweleza kwamba waraka wake ulikuwa ukiichelewesha ofisi, bila ya dokezo hilo kusema kwamba waraka wake ulikuwa ukiichelewesha ofisi. Nililiandika mara kadhaa. Hatimaye likasomeka hivi: "Imebainika kwamba rangi iliyochaguliwa, kwa sababu ya utulivu wake, imeifanya mitambo nayo itulie kupita kiasi kinachoruhusiwa na watengenezaji. Naomba kuwasilisha." Lilirudi jioni ile ile, na pembeni mwake, kwa mkono wake mwenyewe: "Nimeona. Iwekwe picha. Isiwe ya mpira. Iundwe kamati."

Kamati ilikutana katika ukumbi mdogo, wajumbe wakichaguliwa kwa uangalifu nusu kwa nusu. Ilipendekezwa picha ya twiga, mnyama wa taifa, akiwa katika mbuga. Wajumbe wa upande wa mlangoni waliitazama, wakaona mwili wa njano juu ya majani ya kijani, wakasimama. Ilipendekezwa Kilimanjaro alfajiri. Wajumbe wa upande wa dirishani wakaonyesha theluji nyeupe na wingu jekundu juu yake, wakauliza kama wao ni watoto. Mtu mmoja alianza kusema kwamba nchi hii ina mbuga zenye simba mashuhuri duniani, lakini hakuachwa amalize. Baada ya chai ya pili ilikubaliwa bahari, tena bahari ya Kivukoni, mali ya wote. Na alipopigiwa simu fundi kuthibitisha, alijibu kwamba bahari ni sawa, ila, kwa kuwa nayo ni ya bluu, wachague basi ile yenye kitu ndani yake, wasije wakasema amewarudisha katika waraka. Ikachaguliwa picha yenye mashua.

Picha iliwekwa Ijumaa. Jumatatu saa mbili kasorobo, ilhali kila mtu amekwisha kuingia na chai ya Mama Chai ingali moto, nililetewa masjala barua yenye saini za watumishi wa upande wa dirishani, waliokuwa wameikuza picha hiyo kwa muda walioupata, wakagundua kwamba tanga la mashua ile ni jeupe na ubavu wake umepakwa rangi nyekundu. Niliigonga muhuri wa kupokelewa, nikaifungulia jalada, "Malalamiko ya Watumishi Kuhusu Rangi ya Mashua", na kulipandisha juu. Mkurugenzi alilikuta mezani pake asubuhi iliyofuata, baada ya kuingia katika kompyuta yake kwa sekunde 11.